Umeme wa Banda la Gari: Kabla ya Kuuliza Waya wa Ngapi

Mvua za vuli zilipoanza, lango la chuma la banda la gari la jirani yangu kule Kigamboni lilianza kuramba watu. Aliyevaa kandambili alihisi mtekenyo tu vidoleni. Kijana wa kufua, pekupeku juu ya sakafu iliyolowa, alipigwa shoti akaanguka kitako. Wiki hiyohiyo uniti za LUKU, umeme wa kulipia kabla, zikawa zinayeyuka kama barafu, na lawama zote zikaelekezwa kwenye mita.

Fundi alipokuja, hakuona uzembe wa wazi. Waya uliovutwa kutoka nyumbani ulikuwa wa sita, breka ilikuwa ya ampea 25, na waya wa kijani ulifika kila soketi. Nje ya ukuta fimbo ya erthi ilikuwa imezamishwa ardhini na kufungwa vizuri. "Mzee, erthi ipo," alisema, kwa sauti ya mtu anayejishangaa mwenyewe. Hitilafu aliikuta ndani ya soketi ya chuma iliyofungwa kwenye fremu ya lango: skrubu ilikuwa imetoboa ngozi ya waya wenye moto. Umeme ulikuwa unavuja mchana na usiku, breka imetulia kama vile hakuna kitu.

Kila anayetaka kupeleka umeme bandani huanza kwa kumuuliza fundi, "Tuvute waya wa ngapi?" Swali hilo lina maana yake, na tutalijibu. Ila ni swali kuhusu siku ambazo mambo yanakwenda sawa. Lango la Kigamboni linataka swali jingine litangulie: waya ukigusa chuma, umeme utarudi kwa njia gani, na ni kifaa gani kitakachoukata? Nyumba nyingi za kwetu zimejibu swali la unene wa waya na kuacha hili la pili mikononi mwa bahati.

Mzigo na umbali

Tuanze na linaloulizwa. Banda la gari la siku hizi halina taa peke yake. Lina kompresa ya kujazia upepo, grainda, pengine mashine ndogo ya kuchomelea, na katika miji kadhaa sasa lina pikipiki ya umeme inayochajiwa usiku. Tuseme mzigo wa pamoja unafika ampea 25, na kutoka mein swichi hadi bandani ni mita 30.

Kila waya hula sehemu ya umeme unaopita ndani yake. Hesabu inayotumiwa katika kanuni za Uingereza, BS 7671, ambazo mafundi wengi wa Afrika Mashariki wamefunzwa kwazo, inasema waya wa shaba wa milimita 2.5 za mraba hupoteza milivolti 18 kwa kila ampea kwa kila mita, kwenda na kurudi. Wa 4 hupoteza 11, wa 6 hupoteza 7.3 na wa 10 hupoteza 4.4. Zidisha kwa ampea 25 na mita 30. Waya wa 2.5 unakula volti 13.5 njiani, yaani karibu asilimia 6 ya volti 230. Wa 4 unakula volti 8.25, wa 6 volti 5.5, na wa 10 volti 3.3. Kanuni hizo zinapendekeza upotevu usizidi asilimia 3 kwa taa na asilimia 5 kwa vifaa vingine, ukihesabu tangu umeme unapoingia kwenye nyumba. Kwa hiyo 2.5 imeondoka mezani, 4 inafaa kwa mashine lakini inazidi kiwango cha taa, na 6 inatosha kwa vyote viwili.

Upotevu huo huonekana zaidi mota inapoanza. Kompresa ya kilowati 1.5 ikishazunguka inatumia ampea nane au tisa, lakini sekunde ya kwanza inaweza kuvuta mara tano hadi saba ya hapo. Volti zinaanguka wakati ule ule mota inapozihitaji, na nguvu ya mota kujizungusha haishuki sawa na volti, inashuka kwa mraba wake. Volti zikipungua kwa asilimia 10, nguvu ya kuanzia inapungua kwa karibu asilimia 19. Ndiyo maana kompresa iliyowaka bila shida dukani inaguna ikifika nyumbani, taa zinafifia, na mwenye nyumba anarudi kugombana na muuzaji. Mara nyingi mgonjwa ni waya.

Njia na joto

Jedwali la ampea ambalo fundi amelikariri lina sharti ambalo halisemwi sana: joto la mahali liwe nyuzi 30. Nyaya mbili za milimita 4 za mraba zilizopita pamoja ndani ya bomba huruhusiwa kubeba ampea 32 katika hali hiyo. Zipitishe sasa chini ya mabati, saa nane mchana, mwezi wa Februari. Joto likifika nyuzi 50, waya wenye ngozi ya PVC hupewa asilimia 71 tu ya uwezo wake, na zile ampea 32 zinabaki chini ya 23. Fundi aliyefunga breka ya 32 juu ya waya huo hajavunja hesabu ya kitabuni, ila amesahau paa. Waya utakaanga taratibu na breka haitajua, kwa sababu breka inahesabu ampea zinazopita, joto la darini hailioni. Waya wa 6 katika hali hiyo hiyo unabaki na ampea 29, hivyo breka ya 25 inakaa juu yake kwa usalama. Kanuni yenyewe ni fupi: breka isiwe ndogo kuliko mzigo, na waya usiwe dhaifu kuliko breka.

Njia bora ni kuepuka dari kabisa na kupita ardhini. Hapo kebo ya kawaida ya ndani ya nyumba haifai. Inayofaa ni ile yenye deraya, yaani vazi la nyaya za chuma chini ya ngozi nyeusi ya nje, ifukiwe sentimita 50 au 60 na kuwekewa utepe wa tahadhari juu yake kabla ya kurudisha udongo. Deraya hiyo ina kazi mbili. Inazuia jembe, na jembe likiwa kali kuliko deraya, linagusa chuma kilichounganishwa na erthi kabla ya kufika kwenye waya wenye moto. Mlimaji anaokoka kwa sababu ya mpangilio huo. Lakini chuma hupitisha umeme kwa shida kuliko shaba, kiasi cha mara nane hivi. Anayetaka kuifanya deraya iwe ndiyo waya wa erthi pekee apime kwanza. Kebo yenye nyaya tatu ndani, mmoja wake ukiwa wa erthi, humwondolea wasiwasi huo.

Ampea tano au ampea mia nne

Turudi langoni. Wahenga walisema maji hufuata mkondo, na wengi wetu tunaamini umeme nao huchagua njia nyepesi na kuziacha nyingine. Si kweli. Umeme hupita njia zote zilizopo kwa wakati mmoja, nyingi kwenye njia nyepesi, kidogo kwenye ngumu. Fimbo ya erthi haimwondoi mtu aliyeshika lango kwenye hesabu, inamgawia fungu dogo tu. Swali ni fungu hilo ni dogo kiasi gani.

Katika nyumba nyingi za kwetu shirika la umeme huleta nyaya mbili, laivu na nyutro. Erthi ni ya mwenye nyumba: fimbo yake mwenyewe katika udongo wake mwenyewe. Umeme ukivuja, lazima ushuke kwenye fimbo hiyo, upite ardhini, upande kwenye erthi ya transfoma ya mtaa na kurudi ulikotoka. Tuseme fimbo ya nyumbani ina ukinzani wa omu 40, ambao si mbaya hata kidogo, na erthi ya transfoma ina omu 5. Gawanya volti 230 kwa omu 45. Zinapita ampea 5.

Ampea 5 mbele ya breka ya ampea 25 ni mzigo wa kawaida kabisa, sawa na pasi ya nguo. Breka itaupitisha mwaka mzima bila kukatika. Wakati huo huo volti 230 zimegawanyika kati ya fimbo mbili kulingana na ukinzani wake: volti 204 ziko upande wa nyumbani. Lango lina volti 204, na halina peke yake. Kila chuma kilichofungwa kwenye waya wa kijani, mlango wa friji, birika, mwili wa mashine ya kufulia, vyote vimepanda pamoja nalo. Erthi iliyofungwa vizuri imesambaza hitilafu ya bandani hadi jikoni.

Na mita inahesabu. Ampea 5 kwa volti 230 ni zaidi ya kilowati moja, karibu uniti 28 kwa siku. Uniti 75, ambazo nyumba yenye matumizi madogo huzila mwezi mzima, zinakwisha kabla siku tatu hazijatimia. LUKU ya jirani yangu haikuwa mbovu. Ilikuwa ya kwanza kutoa taarifa, na hakuna aliyeisikia.

Linganisha sasa na nyumba ambayo shirika lenyewe linatoa erthi kwa kuiunganisha na nyutro yake kwenye njia ya kuingilia, kama ilivyo katika nyumba nyingi za Uingereza. Umeme unaovuja haupiti ardhini, unarudi kwa waya mwanzo hadi mwisho. Ukinzani wa njia yote, pamoja na mita 30 za waya wa 6, ni kama omu 0.6 tu. Zinapita karibu ampea 400, na breka inaruka papo hapo. Hitilafu ni ile ile, waya ni ule ule, breka ni ile ile. Kilichobadilika ni njia ya kurudi. Fundi wa London anaweza kuitegemea breka yake iokoe mtu. Fundi wa Kigamboni akinakili kazi hiyo bila kubadili kitu, amejenga mtego.

Udongo una kauli yake

Jibu la haraka la wengi ni kuongeza fimbo. Hesabu inaonyesha mipaka yake. Fimbo ya kawaida ya mita 1.2, chuma kilichopakwa shaba, ikizamishwa katika udongo wa wastani wenye ukinzani wa omu-mita 100, inatoa omu 70 hivi. Ukiiunganisha na nyingine kwenda chini hadi mita 2.4, inashuka kufikia kama 40. Lakini katika mchanga mkavu wenye omu-mita 1,000, fimbo hiyo hiyo ya kwanza inatoa omu 700. Mchanga wa pwani, mawe ya matumbawe ya Unguja, udongo wa Dodoma mwezi wa Septemba, kila mmoja una jibu lake, na jibu linabadilika kati ya masika na kiangazi. Ili breka ya 25 iruke yenyewe ingehitaji ampea zaidi ya mia moja, yaani njia ya chini ya omu 2. Hakuna mwenye nyumba atakayeipata hiyo kwa fimbo.

Wapo wanaoweka mkaa na chumvi kuzunguka fimbo. Ukinzani unashuka kweli, kwa muda. Mvua inaisomba chumvi, na iliyobaki inakula chuma. Udongo wa bentonaiti unaoshika unyevu hudumu zaidi. Anayejenga banda jipya ana nafasi nyingine: nondo za msingi ndani ya zege. Zege lililo ardhini hunyonya unyevu na kuushika, na Herbert Ufer alionyesha huko Arizona wakati wa Vita Kuu ya Pili kwamba chuma kilichofunikwa na zege kinaweza kuwa erthi nzuri hata katika jangwa. Kinachotakiwa ni fundi umeme afike kabla zege halijamwagwa. Akichelewa siku moja, nafasi imepita.

Kifaa kinachohesabu tofauti

Kama fimbo haiwezi kuirusha breka, lazima awepo mlinzi wa aina nyingine. Ndicho kifaa ambacho mafundi hukiita RCD. Hakijali mzigo ni mkubwa kiasi gani. Kinalinganisha umeme uliotoka kwa laivu na uliorudi kwa nyutro. Vikitofautiana, maana yake kuna umeme umepita pengine, ardhini au mwilini mwa mtu, na kinakata. Cha kulinda watu huwekwa kwenye miliampea 30, kwa sababu juu ya hapo, ukidumu mwilini, hatari ya moyo kupoteza mapigo yake inakuwa ya kweli.

Kwa kifaa hiki udongo unasamehewa mengi. Miliampea 30 zikipita kwenye fimbo ya omu 200 huinua chuma kwa volti 6 tu kabla umeme haujakatwa. Hata omu 1,600 kihesabu zingekibakisha chuma chini ya volti 50. Lakini BS 7671 inaiona fimbo inayozidi omu 200 kuwa si ya kutegemewa, kwani inaweza kukauka ikapoteza mguso wake. Lango la Kigamboni lilikuwa na fimbo bora mara tano ya kiwango hicho. Lilikosa kifaa kimoja tu.

Hapa kuna kosa linalowapata hata waangalifu. RCD ina kitufe cha majaribio. Ukikibonyeza, umeme unakatika, nawe unalala usingizi. Kitufe hicho kinapima kifaa chenyewe, hakipimi erthi. Fimbo ikiwa imekatika, au haikuwahi kufungwa, kitufe kitafanya kazi vile vile. Erthi hupimwa kwa kipimo chake, na fundi asiye nacho amekisia, hata awe na uzoefu wa miaka ishirini.

Erthi ya nani?

Linabaki swali ambalo huwagawa mafundi: banda litumie erthi ya nyumba au liwe na yake? Kwa nyumba yenye fimbo yake, jibu halina utata mwingi. Peleka waya wa erthi ndani ya kebo ile ile, zamisha fimbo ya pili bandani, ziunganishe ziwe kitu kimoja, na vyote vikae chini ya RCD. Kisichofaa ni erthi mbili zisizojuana zilizo karibu kiasi kwamba mtu anaweza kushika chuma cha huku na cha kule kwa mpigo.

Kwa nyumba inayopewa erthi iliyoshikana na nyutro, mambo ni magumu zaidi. Waya huo mmoja wa shirika ukikatika mtaani, umeme wa nyumba nzima unatafuta njia ya kurudi kupitia erthi, na kila chuma cha nyumba kinaweza kupanda kukaribia volti 230. Ndani, ambako kila kitu kimepanda pamoja, mtu anaweza asihisi. Bandani, miguu juu ya zege lenye unyevu na mkono kwenye gari lililochomekwa chaja, anahisi. Kwa sababu hiyo mafundi wengi wa Uingereza hulikatia banda erthi ya nyumbani, deraya ikaachwa bila kuunganishwa upande wa bandani, na banda likapewa fimbo na RCD yake. Kanuni zao za kuchajia magari nje ya nyumba zinadai kinga mahususi dhidi ya hitilafu hiyo.

Kuna la kukatazwa pande zote: kuunganisha nyutro na erthi ndani ya boksi la bandani ili "kuipa erthi nguvu". RCD itakatika kila mara, na fundi mvivu ataitoa. Siku nyutro itakapolegea, mwili wa mashine ya kuchomelea utakuwa ndio nyutro.

Dukani

Hesabu zote hizi zinadhani waya ni shaba na unene wake ni ule ulioandikwa. Soko halihakikishi. Waya wa 4 wenye nyuzi saba unapaswa kuwa na uzi wenye kipenyo cha milimita 0.85, na wa 6 milimita 1.04. Pima uzi mmoja kwa kalipa, zidisha, utajua umeuziwa nini. Alumini iliyopakwa shaba hupitisha kama asilimia 60 tu ya umeme wa shaba, na sumaku haitakusaidia kuitambua maana haivuti chochote kati ya hivyo viwili. Kwangua kwa kisu: ndani ikiwa nyeupe, rudisha. Uzito nao unasema, kwani shaba ni nzito zaidi ya mara tatu ya alumini.

Rangi nazo ziangaliwe. Uingereza ilianza mwaka 2004 kuhama kutoka nyekundu na nyeusi kwenda kahawia na bluu. Madukani kwetu zote mbili zipo, wakati mwingine ndani ya nyumba moja. Nyeusi iliyokuwa nyutro katika mfumo wa zamani ni laivu katika umeme wa fezi tatu wa sasa, na bluu iliyokuwa fezi sasa ni nyutro. Panapokutana kebo ya zamani na mpya, pimeni kabla ya kufunga, na mbandike alama.

Jirani yangu hakubadilisha waya wala fimbo. Fundi, mwenye leseni ya mamlaka ya nishati, EWURA, na kipimo mkobani, alitengeneza soketi, akapima fimbo ikasoma omu 38, akafunga RCD ya miliampea 30 kwenye mwanzo wa njia ya bandani. Kisha alifanya jambo ambalo sikuwahi kuliona. Aliwaita wenye nyumba wote bandani, akaunganisha kwa makusudi taa yake ya majaribio kati ya laivu na erthi ya lango, na kabla taa haijamulika, giza likaingia. "Hiyo sasa ndiyo erthi, mzee," alisema gizani, akitafuta swichi.